Maji ya Demydiv: nani aliyaachia, mbona hayakuondoka, na nyumba ya mama mkwe ifanyweje

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa na kijana wa Ukraine na tunaishi Poland na watoto wetu wawili. Mama mkwe wangu ni mtu wa Demydiv, kijiji kilicho kaskazini ya Kyiv, na nyumba yake bado ipo kule, mtaa wa chini unaopakana na bonde la mto. Mwaka 2022 bonde lile lilijaa maji mpaka kwenye bustani yake. Shida ni kwamba kila mtu ana hadithi yake. Mume wangu anasema wanakijiji wenyewe walibomoa bwawa ili Warusi wasipite. Shemeji yangu anashikilia kwamba ni Warusi walilipiga. Mwenzangu kazini anasema ni lile bwawa la kusini lililoua watu wengi. Na nimesoma mahali kwamba kubomoa bwawa ni uhalifu wa kivita, kwa hiyo Ukraine imejifanyia uhalifu yenyewe. Mama mwenyewe nikimuuliza anasema tu, 'Maji yalikuja,' kisha anaanza habari za viazi vyake. Shimo lake la kuhifadhia vyakula, lililochimbwa uani, hujaa upya kila tukimlipia mtu alivute maji kwa pampu. Ukweli ni upi? Mbona maji hayakwenda zake kama mafuriko mengine? Watoto wanauliza historia ya kwa bibi yao na sina la kuwaambia. Na nyumba je: atengeneze, auze, au tumlete huku?"

Marahaba, dada. Pole na mahangaiko, na mfikishie mama salamu zangu. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo: nani aliyaachia maji, kwa nini yaling'ang'ania, na nyumba ifanyweje. Mimi ni mhandisi wa maji, mabwawa na matuta ndiyo kazi yangu ya miaka yote. Ya jeshi na ya sheria nitayagusa kwa kiasi kinachojulikana hadharani, basi. Ila kwanza tummalize huyo mwenzako wa kazini, kwa sababu kosa lake ni jepesi na linawapotosha wengi.

Anachanganya mabwawa mawili. Lile la kusini ni la Kakhovka, kwenye Mto Dnipro, mkoa wa Kherson. Lilibomoka usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 2023, zaidi ya mwaka mzima baada ya mambo ya Demydiv, na wakati huo lilikuwa mikononi mwa jeshi la Urusi. Pale ziwa zima lilimwagika kuelekea Bahari Nyeusi, vijiji na mitaa ya Kherson ikafunikwa, watu wakafa. Habari ya Demydiv ni ya mwisho wa Februari 2022, kaskazini kabisa, na ziwa lililohusika halikukauka. Lipo pale pale hadi leo, na hilo ndilo tatizo la mama mkwe wako.

Ili nieleweke, chukua ramani ya Kyiv uiweke mbele yako. Mto Irpin una urefu wa kilomita 162. Unatoka mkoa wa Zhytomyr, unapita magharibi ya Kyiv, kisha unaelekea kaskazini-mashariki kukutana na Dnipro juu kidogo ya jiji. Kwenyewe ni mto mdogo. Sehemu nyingi mtoto anaweza kurusha jiwe likafika ng'ambo. Lakini bonde lake ni pana na tambarare, na kwa karne nyingi lilikuwa kinamasi: matete, samaki, udongo mweusi wa mboji unaomeza mguu mpaka gotini. Vijiji vilikaa pembeni, penye mwinuko. Bondeni watu walishuka kukata majani ya ng'ombe, wakapanda tena kwao.

Serikali ya Kisovieti ikaliona bonde hilo kama ardhi iliyolala bure. Mto ukanyooshwa, mifereji ikachimbwa, kinamasi kikakaushwa, na penye matete pakalimwa mboga. Halafu miaka ya 1960 likaja jambo lililogeuza kila kitu. Huko Vyshhorod, juu kidogo ya Kyiv, ulijengwa ukuta wa bwawa la umeme kukata Dnipro, na kati ya 1964 na 1966 nyuma yake likajaa ziwa la kilomita za mraba 922. Wenyeji huliita Bahari ya Kyiv. Sasa angalia: uso wa ziwa hilo uko juu ya bonde la Irpin kwa mita kadhaa. Pale mto ulipozoea kuteremka na kuingia Dnipro, ukakuta maji yaliyo juu kuliko wenyewe.

Wahandisi wa wakati ule wangeweza kuliacha ziwa liingie bondeni, wakapoteza mashamba yote waliyotoka kuyakausha. Hawakutaka. Walijenga tuta mdomoni mwa mto, kwenye kijiji cha Kozarovychi, jirani na Demydiv, wakaweka na kituo cha pampu. Pampu hizo huyachota maji ya Irpin na kuyapandisha juu ya tuta mpaka ziwani, mchana na usiku. Tafadhali isome tena sentensi hiyo, maana nusu ya maswali yako yanajibiwa hapo: Irpin ni mto usioweza kufika uendako bila umeme. Wavuvi wa pwani yetu wanaijua hali hii. Ngalawa inayovuja ukiacha kufua maji, haihitaji wimbi ili ijae.

Kwa hiyo kwa miaka karibu 60 watu wa Demydiv, Kozarovychi na vijiji jirani waliishi chini ya usawa wa ziwa, wakitenganishwa nalo na tuta la udongo na mashine. Wengi walizaliwa wakakuta hali iko hivyo, na hakuna aliyeamka asubuhi akiiwaza. Mtaa wa chini anakoishi mama ulikuwa salama kwa sababu pampu zilifanya kazi, wala si kwa sababu maji yalikuwa mbali.

Sasa watoto. Waambie kwanza kwamba bibi yao anatoka kwenye njia ya majeshi. Yeyote anayetaka kuingia Kyiv kutoka kaskazini-magharibi ni lazima auvuke Irpin, na kuuvuka ni kazi, kwa sababu ya kinamasi na kwa sababu ukingo wa upande wa Kyiv ndio ulioinuka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti, lilianza kujenga ngome za zege kufuata mstari wa mto huo. Mabaki yake bado yapo porini. Kati ya ujenzi ule na Vita Kuu ya Pili ya Dunia kilipita kitu kibaya kuliko vita: njaa ya 1932 na 1933, iliyosababishwa na serikali ya Moscow kuwanyang'anya wakulima nafaka yao. Waukraine wanaiita Holodomor. Mkoa wa Kyiv ni miongoni mwa mikoa iliyopoteza watu wengi zaidi. Ukimwona mama anahesabu viazi na chupa za matango ya siki hata kama duka liko hatua mbili, usidhani ni ubahili. Kizazi cha wazazi wake ndicho kilichopita kwenye njaa hiyo.

Wajerumani walifika Irpin mwezi Julai 1941 wakakwama mbele ya zile ngome. Kyiv ilianguka tarehe 19 Septemba, baada ya wao kuzunguka mbali na kufunga duara upande wa mashariki. Miaka miwili baadaye mambo yakageuka, na hapa Demydiv inaingia karibu kabisa. Jeshi Jekundu lilivuka Dnipro na kujishikiza Liutizh, kijiji kilicho kati ya Irpin na Dnipro, jirani na kwa mama mkwe wako. Wajerumani waliona pale hapafai kwa vifaru, pana kinamasi mno. Mwanzoni mwa Oktoba 1943 kikosi cha vifaru cha Jenerali Kravchenko kilivuka Mto Desna kwa kupita majini: nyufa za vifaru zilizibwa kwa matambara yaliyolowekwa grisi, madereva wakaendesha bila kuona, wakielekezwa na makamanda waliosimama mlangoni juu. Kisha jeshi zima la vifaru la Jenerali Rybalko lilihamishwa kwa siri kutoka kusini, likaacha nyuma vifaru vya mbao ili ndege za Wajerumani zidanganyike. Shambulio lilianza tarehe 3 Novemba kutoka Liutizh, na tarehe 6 Kyiv ilikuwa imekombolewa. Kuna jumba la makumbusho la vita hivyo huko Novi Petrivtsi. Siku amani ikirudi, wapelekeni watoto. Wataelewa zaidi kwa saa moja pale kuliko kwa maneno yangu.

Likafuata lile ziwa la 1964, na mwaka 1986 mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ukalipuka. Barabara inayopita Demydiv inaelekea huko huko, na Mto Prypiat unaopita kando ya mtambo huo unamwaga maji yake kwenye ziwa nililokueleza. Nitalirudia hilo nikifika kwenye kisima.

Tarehe 24 Februari 2022 jeshi la Urusi liliingia kutoka Belarus, likapita eneo lililofungwa la Chernobyl na kuteremka kwa barabara ya Ivankiv na Dymer. Barabara hiyo inapita Demydiv, na mbele ya Demydiv kuna daraja la Irpin, na ng'ambo ya daraja ni njia ya Kyiv. Wanajeshi wa Ukraine walivunja madaraja ya mto huo, la Demydiv likiwamo. Na katika siku hizo hizo za kwanza wakalifungua lile tuta la Kozarovychi kwa baruti. Maji ya ziwa yakaanza kuingia bondeni, yakirudi nyuma kuelekea kusini, yakapita Demydiv, yakaendelea hadi karibu na kijiji cha Moshchun. Mto wa kurushiana mawe ukageuka ziwa ambalo upana wake sehemu nyingine ulizidi kilomita moja.

Kwa hiyo mume wako yuko karibu na ukweli, ila amekosea palipo na uzito. Tuta lilivunjwa na jeshi. Wanakijiji hawakuitwa kwenye mkutano wakainua mikono. Wengi walijua pale walipoona maji. Ni kweli kwamba baadaye waandishi wa habari walipofika, wakazi wengi walisema hawajuti, kwamba bora bustani ilowe kuliko Kyiv ingeanguka. Nami nawaamini. Lakini kusema sijuti baada ya jambo kutokea ni tofauti na kuulizwa kabla, na mtu anayeishi mbali hana ruhusa ya kumbebesha bibi wa watu ushujaa ambao hakuombwa kuuchagua. Shemeji naye asichekwe. Kozarovychi ilikuwa eneo la mapigano, makombora yalianguka pande zile kwa wiki kadhaa, na mtu aliyekuwa amejificha chini ya ardhi hawezi kujua kishindo kipi kilikuwa cha nani.

Je, maji yalifanya kazi? Yalifanya, ingawa si peke yake. Warusi walijaribu kuvuka kwa madaraja ya kuelea upande wa Moshchun, na pale palipiganwa vita vikali vilivyoharibu sehemu kubwa ya kijiji hicho. Brigedi ya 72 ya Ukraine ilipoteza vijana wengi, na leo kuna mnara wa kumbukumbu msituni. Bonde lililofurika liliwanyima Warusi nafasi ya kuvusha vifaru vya kutosha. Mwishoni mwa Machi walianza kurudi nyuma, na mwanzoni mwa Aprili mkoa wote wa Kyiv ulikuwa huru. Anayesema maji peke yake yaliiokoa Kyiv anawasahau waliokufa Moshchun. Na anayesema maji hayakuwa na maana hajawahi kuona kifaru kikijaribu kupita kwenye mboji iliyolowa.

Kuhusu uhalifu wa kivita, nitakuwa mfupi kwa sababu mimi si mwanasheria. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inakataza kuyashambulia mabwawa pale ambapo maji yakiachiwa yataleta maafa makubwa kwa raia. Itifaki hiyo hiyo inaipa nchi inayolinda ardhi yake nafasi ya kuharibu mali iliyo kwenye eneo inalolishikilia yenyewe, kama haja ya kijeshi ni kubwa kweli. Kwa hiyo kulijumlisha tukio la Demydiv na kila bwawa lililowahi kubomolewa ni kurahisisha mno. Mwaka 1914 Wabelgiji walifungulia maji ya bahari bondeni mwa Mto Yser ili kuwazuia Wajerumani, na hakuna anayewaita wahalifu. Tarehe 18 Agosti 1941 Wasovieti walilipua bwawa la umeme la Zaporizhzhia, kwenye Dnipro hiyo hiyo, bila kuwaonya watu waliokuwa chini yake, na raia pamoja na wanajeshi wao wenyewe wakasombwa. Hayo mawili hayafanani. Demydiv iko upande wa Yser: maji yalipita kwenye tundu la tuta na kusambaa juu ya tambarare kwa siku kadhaa, yakipanda polepole.

Hapo ndipo ninapompa mama haki yake. Katika hadithi zote ulizonitajia, ya kwake ndiyo iliyokaa kiufundi zaidi. Kwa mtu wa mtaa wa chini hakukuwa na wimbi. Asubuhi bustani imelowa, jioni mitaro imejaa, kesho yake ukishuka ngazi za lile shimo la vyakula unakuta magunia ya viazi yamezama na chupa za nyanya zimesimama ndani ya maji. Mara nyingi maji hayo hayakuingia mlangoni hata kidogo. Yalipanda kutoka chini, kupitia sakafu ya udongo.

Tuje sasa kwenye kung'ang'ania kwa maji. Mafuriko uliyoyazoea, kama ya Rufiji au ya Msimbazi, huondoka kwa sababu bahari iko chini yake. Mvua ikikatika, maji yanateremka. Bonde la Irpin halina mahali pa chini pa kuyapeleka maji. Yaliyoingia yatakaa mpaka yafanyike mambo mawili kwa mpangilio: tundu la tuta lizibwe, kisha pampu ziyainue maji yote yaliyoingia pamoja na yale ambayo mto unaendelea kuleta kila siku. Hapo weka hesabu ya kituo kilichoko katikati ya vita, umeme unaokatika, na mabomu ya ardhini yanayowazuia mafundi kukaribia. Na tuseme kweli, katika miezi ya mwanzo nani alikuwa na haraka? Hakuna aliyekuwa na hakika kwamba Warusi hawatarudi kwa barabara ile ile, na kulikausha bonde mapema kungekuwa kuwafagilia njia.

Kuna na jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui. Udongo wa mboji ukikaushwa husinyaa na kuoza polepole, na ardhi inashuka mwaka hadi mwaka. Bonde lililokaushwa kwa miongo saba limezama kuliko lilivyokuwa wakati wa babu zake mume wako. Hata tuta likitengenezwa na pampu zikifanya kazi vizuri, maji ya ardhini yako karibu na miguu ya watu kuliko zamani.

Ndiyo maana lile shimo halikauki. Kabla hamjamlipa tena mtu wa pampu, fanyeni kipimo kimoja. Tafuteni ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ambao mafundi wetu huutumia kusawazisha msingi. Mujaze maji, upande mmoja ukae kwenye kisima cha mama na mwingine kwenye mdomo wa lile shimo, muweke alama ya usawa mmoja pande zote mbili, kisha mpime kwa futi kutoka alama hadi maji. Kama maji ya shimo na ya kisima yako usawa mmoja, basi mnavuta maji ya bonde zima kwa pampu ya mtu mmoja. Hifadhini pesa. Kama maji ya shimo yako juu kwa kiasi kinachoonekana, hapo kuna maji yaliyonaswa, na pampu itasaidia.

Na pampu ikisaidia, msivute yote kwa siku moja. Hilo ni kosa la hatari. Udongo uliolowa nje unausukuma ukuta, na maji yaliyo ndani ndiyo yanayousukuma kurudi. Ukiyaondoa ghafla, ukuta unaingia ndani, pengine na mtu akiwa humo. Shusheni theluthi moja, wekeni alama ukutani, msubiri hadi kesho. Yakipanda tena juu ya alama, acheni, ardhi bado imejaa. Yasipopanda, shusheni theluthi nyingine. Na mama asishuke peke yake, wala asishuke mtu yeyote kama waya wa umeme unapita humo na haujakatwa.

Nyumba yenyewe inahitaji jicho la mhandisi wa majengo aliyesimama pale. Mimi kwa maandishi naweza tu kukuambia dalili za kumwita haraka: nyufa za mshazari zinazoanzia pembe za madirisha, milango iliyokuwa ikifunga na sasa inagoma, sakafu inayoteremka upande mmoja. Kama kuta ni za udongo uliochanganywa na majani, kama nyumba nyingi za zamani za huko, unyevu ukipanda kutoka chini unazila taratibu bila kelele, na plasta mpya ya saruji itaufungia unyevu ndani na kuharakisha uharibifu. Baridi ya kule inaongeza jambo ambalo sisi hatulijui: udongo uliolowa ukiganda unavimba na kuuinua msingi, ukiyeyuka unauachia. Nyumba iliyovumilia maji inaweza kupasuka msimu wa baridi unaofuata.

Kisima asikitumie kwa kunywa mpaka maji yapimwe. Mafuriko yalipita kwenye vyoo vya shimo na mashamba yenye mbolea, na kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi nitrati. Kuhusu mionzi ya Chernobyl, nimesema nitarudi. Ni kweli kwamba kwenye tope la chini ya lile ziwa kuna sesiamu, madini yenye mionzi, iliyoletwa na Prypiat. Lakini sesiamu hushikamana sana na chembe za mfinyanzi, na sehemu kubwa imebaki huko huko chini. Sioni sababu ya kumtisha mama. Mboga za bustani zipelekwe kwenye maabara. Huko Ukraine upimaji wa aina hiyo ni jambo la kawaida, hata masoko makubwa yana maabara zao.

Kinachonitisha mimi ni bonde. Mabomu ya ardhini na makombora yasiyolipuka huhamishwa na maji, hufunikwa na tope, na jana palipokuwa salama leo si salama. Asishuke kukata majani, asivue samaki, asimfuate mbuzi aliyepotea nje ya njia zilizokwisha kaguliwa. Akiona chuma asichokijua, asiguse, arudi kwa nyayo zake na apige 101. Hapo hakuna ushauri wa mbali, hata wangu.

Sasa uamuzi. Watetezi wa mazingira wa Ukraine wamependekeza bonde la Irpin liachwe liwe kinamasi tena, na wengine wameomba mto upewe hadhi ya shujaa. Kama mhandisi naona wana hoja: kinamasi kinahifadhi maji, kinarudisha ndege na samaki, na kinalinda jiji bila askari. Kama mtu anayefikiria nyumba ya mama mkwe wako, naona pia kwamba bonde likiachwa lilowe, mtaa wa chini utakuwa na unyevu milele. Kwa hiyo msitumbukize pesa nyingi kwenye msingi kabla ya kuuliza halmashauri ya huko mpango wao kuhusu tuta, pampu na bonde. Swali hilo ni kubwa kuliko bei ya tofali.

Kuuza sasa sikushauri, labda kama mna shida ya pesa. Nyumba yenye maji chini inauzwa kwa bei ya kutupa, na anayenunua huenda anajua jambo kuhusu mipango ya bonde ambalo ninyi hamlijui. Kutengeneza kidogo kidogo kunawezekana: liacheni lile shimo, lijazwe mchanga na kokoto baada ya kukauka, na ajengewe stoo ndogo juu ya ardhi yenye kuta nene za kuzuia baridi. Najua atalalamika kwamba viazi havikai vizuri juu. Ana haki, havikai vizuri kama chini. Lakini vitakaa. Kumleta Poland kwa miezi ya baridi na kumwacha arudi wakati wa kupanda ndiko ninakokuona kuna busara zaidi kwa mwaka wa kwanza, ilimradi mmuulize yeye kwanza. Tayari kuna uamuzi mmoja mkubwa juu ya nyumba yake uliofanywa bila kumuuliza.

Fidia msiidharau. Ukraine ina programu ya serikali iitwayo eVidnovlennia, iliyoanza mwaka 2023, inayosaidia wenye nyumba zilizoharibiwa na vita. Pia kuna Daftari la Uharibifu chini ya Baraza la Ulaya, lenye makao The Hague, ambalo lilianza kupokea madai ya nyumba Aprili 2024. Lakini daftari hilo ni la madhara yaliyotokana na vitendo vya Urusi, na maji ya Demydiv yaliachiwa na jeshi la Ukraine likijihami dhidi ya uvamizi. Namna ya kuliandika dai la aina hiyo ni kazi ya mwanasheria wa huko, ana kwa ana, akiwa na hati ya nyumba mkononi. Mama asijaze fomu kwa kubahatisha.

Na ushahidi uanze kukusanywa leo. Mume wako ampigie mama simu ya video, amwombe atembee na simu kuzunguka nyumba: alama ya maji kwenye uzio, kwenye ngazi za shimo, kwenye ukuta wa banda. Kila alama ipigwe picha na futi ikiwa pembeni. Akianza habari za viazi, mwacheni aseme, mmoja wenu aandike: magunia mangapi yalikuwa humo, lini aliona maji mara ya kwanza, yalifika ngazi ya ngapi siku ya pili. Kwa mwanasheria huo ni ushahidi, kwa mhandisi ni vipimo, na kwa watoto ndiyo historia ya kwa bibi waliyoiulizia.

Kipimo cha mpira kifanyike mara moja kwa wiki kuanzia sasa mpaka theluji iyeyuke na mafuriko ya Machi na Aprili yapite. Mkishapata namba hizo, nitumie pamoja na picha za nyufa, nami nitakuambia kama ni za kumwita mhandisi kesho au za kusubiri kiangazi.